Makondere Manne ya Celica Nyekundu

Ukimpelekea Ildefons Mwijage gari lililoishiwa nguvu, hafungui boneti kwanza. Atafuta mikono kwa kitambaa, atakusalimia mpaka salamu ziishe zenyewe, kisha atakuuliza kwenu ni wapi na huwa unabeba nini. Wageni hudhani anatafuta undugu. Hapana. Anatafuta mlima, na anatafuta mzigo.

Gereji yake iko Hamugembe, mjini Bukoba, kwenye kiwanja ambacho migomba ilikuwepo kabla ya magari na haijakubali kuondoka. Ukiacha gari lako pale siku mbili utalikuta na jani kavu juu ya kioo. Ildefons mwenyewe ni mrefu, mwembamba, anakaribia miaka sitini, na ana sauti ya chini ambayo lazima uisogelee ndipo uisikie. Kwao ni Rubya. Siku za arusi huvua ovaroli, huvaa kanzu nyeupe, na kwenda kupuliza kondere.

Makondere ni mabaragumu yetu ya vibuyu. Vipande vya kibuyu huunganishwa kimoja kwa kingine, kila baragumu likapata urefu wake, na kila baragumu lina sauti moja tu. Hakuna mpulizaji mwenye wimbo mzima. Wimbo uko kati yao, kila mtu akiweka sauti yake mahali pake. La Ildefons ndilo refu kuliko yote. Huingia mara chache, kwa sauti nene, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kusubiri. Anayemjua gerejini hashangai kwamba walimpa hilo.

Lile swali la kwenu ni wapi hakuzaliwa nalo. Alilipata kwa Celica nyekundu ya Mwalimu Adventina.

Mwalimu Adventina alifundisha hisabati sekondari mpaka akastaafu. Ni Mlutheri, mjane, soprano wa kwaya, na ni mwendeshaji wa kasi. Celica hiyo ya milango miwili aliinunua akiwa kijana kwa daktari Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, na tangu hapo hajapata kulitazama gari jingine kwa macho ya kutamani. Injini yake ni ndogo, ya silinda nne, yenye kabureta mbili pacha, yaani midomo minne, kila silinda na mdomo wake. Haina turbo ya kuisukumia hewa. Inavuta pumzi kwa kifua chake yenyewe.

"Turbo ni mgeni asiyepiga hodi," Mwalimu alipenda kusema. "Unakanyaga, hakuna kitu, halafu ghafla yuko sebuleni. Hii yangu inanipa ninachoomba, wakati ninapoomba."

Lakini kifua kilikuwa kimezeeka. Mwalimu ana nyumba Hamugembe na kibanja Nshamba, shamba la migomba na kahawa aliloachiwa na marehemu mumewe, na njia ya kwenda huko ina mlima mrefu wa kuingilia Nshamba. Pasaka moja Celica ilishindwa katikati ya mlima huo, ikiwa imewabeba wanakwaya watatu waliovaa majoho. Ikabidi washuke na kupanda kwa miguu, majoho yameshikwa juu ya magoti, huku gari likijikokota nyuma yao tupu. Kijana wa bodaboda aliyewahi kufundishwa na Mwalimu akapunguza mwendo kando ya dirisha.

"Shikamoo Mwalimu! Mbona leo hesabu imegoma?"

"Marahaba. Na wewe ile ya sehemu uliyoshindwa kidato cha pili, ulishaipatia jibu?"

Kijana akacheka akaongeza mafuta. Mwalimu hakucheka.

Mwanawe, Gozbert, anayefanya kazi benki Mwanza, alisikia habari hizo kwa watu. Akaja. Ni mtoto mwema. Hofu yake ilikuwa mama yake kukwama peke yake mlimani na mvua inanyesha.

"Mama, injini imechoka. Mwanza kuna mtu ana injini ya turbo inayoingia humo. Tunaitoa hii, tunaweka ile, unapanda mlima kama ndege."

"Na hii inakwenda wapi?"

"Chuma chakavu."

"Injini hii nimeijua kabla sijakujua wewe, Gozbert."

"Najua, mama. Lakini mimi sijawahi kuwashusha wanakwaya mlimani na majoho."

Wakabishana mchana kutwa, mwisho wakapatana kama watu wazima. Krismasi, watoto wote watakaporudi nyumbani, Celica itapanda mlima wa Nshamba imejaa. Ikifika kanisani juu bila mtu kushuka, injini inabaki. Mtu mmoja akishuka, injini inatoka. Gozbert akarudi Mwanza kumwambia mwenye turbo asubiri, na Mwalimu akaendesha taratibu hadi kwenye migomba ya Ildefons.

"Nataka nguvu," akasema. "Lakini nataka itoke humu humu."

Ildefons alisikiliza injini ikiunguruma, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza mtoto anayesema uongo. "Kwanza tuirudishie iliyokuwa yake, Mwalimu," akasema. "Halafu ndiyo tuiombe ya ziada."

Akaifungua. Silinda mbili zilikuwa zinavuja mgandamizo, pistoni hazibani tena. Akaweka ringi mpya, akasaga valvu mpaka zikakaa vitini bila kupitisha hata pumzi ya mtu, akaipeleka silinda hedi ikachongwe kidogo chini ili mchanganyiko wa hewa na petroli ubanwe zaidi kabla ya kulipuka. Njia za hewa ndani ya hedi alizilainisha kwa mkono, akipitisha kidole, akisugua, akipitisha kidole tena. Ile eksozi ya zamani, iliyounganisha moshi wa silinda zote mara tu ulipotoka, akaiondoa. Akakunja mabomba manne yaliyolingana urefu, kila silinda ipumue njia yake, yakutane mbali huko chini. Haya yote alifanya bila haraka. Watu wa Hamugembe waliopita kuchota maji walimkuta palepale asubuhi na palepale alasiri, na walipomuuliza kama hajamaliza tu, alijibu kwamba yeye amemaliza zamani, ni injini ndiyo haijamaliza.

Mwisho akaja kwenye midomo minne ya kabureta. Kwenye kila mdomo akafunga tarumbeta fupi ya bati, pana kama ua, ili hewa iingie bila kizuizi. Fupi na pana: ndivyo alivyoona katika picha za magari ya mashindano.

Wakaenda kulijaribu kwenye barabara iliyonyooka kando ya ziwa. Mwalimu akakanyaga. Injini ikapanda, ikapanda, ikafika mahali ambapo zamani ilichoka, ikapita, ikapiga ukelele ambao wavuvi waliokuwa wakianika dagaa waliinuka kuutazama. Kitambaa cha kichwa cha Mwalimu kilitoka dirishani na hakikuonekana tena.

"Ildefons! Umenirudishia miaka ishirini!"

"Kumi na mitano, Mwalimu. Ishirini ingetaka kamshafti nyingine."

Wiki hiyohiyo Mwalimu alikwenda Nshamba, na akarudi na uso wa mtu aliyesahihisha mitihani mibaya. Akaegesha chini ya migomba, akazima, akashusha kioo.

"Gari linakimbia pasipo na haja," akasema kupitia dirishani. "Mlimani ni baya kuliko Pasaka. Chini kabisa, likienda taratibu, linakohoa, linameza mate, halina kitu. Nikitaka kulipeleka mbio lipate nguvu, kona zile zitaniua."

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

"Peke yako likashindwa?" Ildefons alifungua buti. Kwenye pembe kulikuwa na majani ya mgomba na utomvu uliokauka. "Ulibeba nini?"

"Ndizi. Mikungu minne, na mingine miwili siti ya nyuma."

"Kutoka Nshamba?"

"Kwenda."

Ildefons akamtazama. "Mwalimu, waitu," akasema kwa heshima ya Kihaya, "unapeleka ndizi Nshamba?"

"Nilipita kwa dada yangu pale bondeni. Akanipa."

"Kule kibanjani kwako migomba inaanguka kwa uzito. Kupeleka ndizi Nshamba ni kupeleka maji ziwani."

"Zile ni zangu. Hizi ni za dada yangu." Mwalimu akashuka garini, akasimama mbele yake. "Sasa niambie wewe. Dada yako akikupa mkungu, utamwambia gari langu ni la mashindano?"

Hapo ndipo Ildefons alipoliona kosa lake lote, na lilikuwa kubwa kuliko bati lile. Alikuwa ametengeneza gari la mtu anayesafiri mikono mitupu. Mtu wa namna hiyo, kati ya Bukoba na Muleba, hayupo. Kila nyumba utakayopita itakutia mzigo, na utaubeba kwa shukrani kwenda mahali usikohitajika. Nguvu aliyoitafuta ilikuwa juu kabisa, injini inapolia. Na hawa watu wanaishi chini, kwenye gia ya pili, na mikungu sita nyuma.

Alijua tatizo. Dawa hakuijua, na Krismasi ilikuwa inakuja. Akajaribu kubadili jeti za petroli, akasogeza wakati wa cheche nyuma na mbele, injini ikawa inakohoa kwa namna tofauti tu.

Dawa ilikuja na meno ya Haidari.

Kulikuwa na arusi Rubya, mchana wa jua. Haidari, rafiki yake wa miaka mingi, ndiye mwenye kondere fupi kuliko yote, lile linaloitika harakaharaka juu ya mengine. Lakini wiki hiyo alikuwa ameng'olewa meno mawili ya mbele, na kila akijaribu kupuliza, upepo ulitokea pembeni.

"Tubadilishane," Haidari akasema, akipeperusha kila neno. "Nipe refu lako, hilo linapulizwa hata na kibogoyo."

Wakabadilishana. Bwana arusi na watu wake walianza kupanda kutoka barabarani kwenda nyumbani kwa bibi arusi, njia ya mwinuko mkali kati ya mibuni, na makondere mbele yao. Ildefons akagundua kwamba hadi siku hiyo hakuwa ameijua taabu. Kondere fupi lilimdai kila mara, na lilimdai pumzi kali, ya ghafla; ukilipa pumzi ya polepole halisemi kitu. Tambarare alimudu. Mlima ulipoanza kumbana kifua, sauti ikakatika, ikatoka kama kuku aliyekanyagwa. Wanawake waliokuwa wakipiga vigelegele wakasahau vigelegele kwa kucheka.

"Mawe, mama wee! Fundi, weka gia ndogo!"

Na nyuma yake Haidari, kibogoyo, anatembea kama mtu anayekwenda kuchuma mchicha, kondere refu likitoa sauti nene isiyotetereka.

"Unafanyaje?" Ildefons akamuuliza kwa shida.

"Sifanyi kitu. Hili refu likishaanza kuvuta hewa, hewa yenyewe inaendelea. Linaridhika na pumzi ya mzee. Hilo lako mpaka ukimbie ndipo liitike."

Ildefons akasimama katikati ya njia. Bwana arusi nusura amparamie mgongoni.

Tarumbeta zake za bati zilikuwa fupi. Zilitaka injini ikimbie ndipo ziitike. Katika bomba refu, hewa ikishashika mwendo haipendi kusimama. Valvu inapofunguka, hewa hiyo inajisukuma yenyewe kuingia silindani hata kama injini inazunguka polepole, hata kama gari linapanda na mzigo. Alikuwa amelishika jibu hilo mikononi, kila arusi, tangu ujana wake.

Kulikuwa na tatizo moja la nafasi. Midomo ya kabureta ya Celica inatazama pembeni, na mbele yake, karibu sana, kuna ukuta wa madigadi. Bomba refu lililonyooka lingegonga ukuta. Lakini kibuyu hakinyooki. Kibuyu kina shingo iliyopinda kadiri kilivyopenda kikiwa shambani, na watengeneza makondere hawajapata kukilazimisha, hufuata kilivyopinda.

Akarudi nyumbani kwa mkewe, Magdalena, aliyekuwa na vibuyu jikoni.

"Vibuyu vyangu? Kwa gari?"

"Kwa Mwalimu."

"Mwalimu anavitia mdomoni yeye, au gari?"

"Gari."

Magdalena akachagua vile vyenye shingo nzuri zaidi akampa. Anamjua.

Siku zilizofuata Hamugembe ilipata kitu cha kutazama. Celica nyekundu, boneti wazi, na vibuyu vinne vimefungwa kwa mpira wa baiskeli kwenye kabureta, vimepinda pamoja kufuata upande mmoja kama shingo za bata. Watu walisimama barabarani.

"Ildefons, siku hizi magari yanakunywa rubisi?"

"Hili linakunywa hewa. Nyinyi endeleeni na pombe yenu ya ndizi."

Alijaza buti mawe yenye uzito wa mikungu sita na zaidi, akawa anapanda kilima cha nyuma ya mji, anashuka, anaongeza kipande cha kibuyu kwenye kila shingo, anapanda tena. Kipande kikizidi, injini inalemewa. Anakikata kwa kisu. Kibuyu hakina hasara, na kisu cha jikoni kinatosha. Aliendelea hivyo mpaka siku moja, katikati ya kilima, kwenye gia ya tatu, mwendo wa mtu anayewahi kanisani, sauti ya injini ilibadilika. Haikulia. Ilishuka, ikawa nene, na gari likajivuta juu kana kwamba kuna mtu ameliita. Ildefons aliendesha hadi kileleni, akazima, akashuka akaweka kiganja juu ya vibuyu. Vilikuwa vya baridi kwa upepo.

Kibuyu hakidumu kwenye mtetemo, kwa hiyo fundi wa sufuria alimtengenezea vingine vya alumini, akinakili kila kipande na kila mpindo, kisha vikaunganishwa kimoja kwa kingine kama yanavyounganishwa makondere. Midomo ikavalishwa sponji ya kuzuia vumbi. Ildefons akamkabidhi Mwalimu funguo, na kwa kuwa hapendi kuficha, akamwambia na hasara yake.

"Zile mbio za kule ziwani zimepungua kidogo."

"Kule ziwani sina ndugu," Mwalimu akasema.

Gozbert alifika siku moja kabla ya Krismasi. Aliitazama injini kwa muda mrefu, zile shingo nne zinazong'aa, akauliza maswali mazuri, akapewa majibu. Kisha akaomba funguo.

"Nitaendesha mimi, mama. Wewe utaipendelea."

"Na fundi anakuja," akasema Mwalimu. "Ikishindwa, aione."

Ildefons alikunjwa siti ya nyuma, magoti karibu na kidevu. Bondeni wakasimama kwa dada yake Mwalimu, na dada hakuwa mtu wa kubanwa na masharti ya wengine. Ikaingia mikungu minne kwenye buti, mitatu nyuma karibu na Ildefons, gunia la maharage, na jogoo aliyefungwa miguu.

Gozbert aliona gari limekaa chini, akaingiwa na huruma. "Mama, huu si ungwana. Tupunguze kidogo."

Ildefons akajibu nyuma ya mikungu. "Usipunguze."

Wakaanza. Mwanzo wa mlima Celica ilipanda vizuri, gia ya tatu, sauti ya chini na iliyotulia. Mwalimu alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Walipita mahali pale pa Pasaka.

Kisha, kwenye kona ya mwisho, pale mlima unaposimama wima kuliko kote, ng'ombe wawili wakatoka kwenye mibuni wakavuka bila kutazama. Gozbert akakanyaga breki. Gari karibu lisimame. Ule mwendo wote waliokuja nao ukaisha palepale. Akaingiza gia ya pili, na injini ikazama chini kabisa, ikatetemeka, jogoo akapiga kelele.

"Fundi?" Gozbert akasema bila kugeuka.

Ildefons alikuwa amefumba macho, mdomo umeachwa wazi kidogo, kama mtu anayesubiri zamu yake. "Ipe mafuta," akasema. "Taratibu. Sasa."

Gozbert akakanyaga taratibu. Injini ikavuta pumzi. Waliisikia ikivuta, midomo minne, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti nene iliyopanda kutoka sakafuni hadi vifuani mwao. Matairi yakauma udongo. Celica ikaiacha kona, ikawaacha ng'ombe, ikapanda na mikungu yake saba kana kwamba mlima umejiinamisha.

Kanisa likaja upande wa kulia. Likapita. Gozbert aliweka gia ya tatu.

"Kanisa hilo," akasema Mwalimu.

"Nimeliona, mama."

Nyumba ya Mwalimu nayo ikapita, na wajukuu waliokuwa wamejipanga getini wakabaki wamenyanyua mikono. Gozbert alikuwa ameinama juu ya usukani, akiitafuta kila kona kabla haijafika, akiachia mafuta na kuyarudisha ili tu aisikie inavyoitika. Alipunguza mwendo walipofika Rubya, kwa kuwa watu walikuwa wengi barabarani na mikungu ilikuwa imeanza kumlalia Ildefons. Akaegesha kando, injini ikiendelea kunguruma, akatoa simu, akampigia yule mtu wa Mwanza.

"Ile injini muuzie mwingine," akasema. "Hapana, hakuna kilichoharibika. Mama yangu ameshinda."

Akakata simu, akageuka nyuma. "Kasinge, tata," akamwambia Ildefons, kwa Kihaya, kama anavyopongezwa mtu mzima. Ildefons akaitikia kwa kichwa. Mikono yake ilikuwa imejaa jogoo.

Mwalimu Adventina alikuwa ameshashuka. Alizunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa dereva, akasimama hapo na mkoba begani.

"Toka. Umeshapanda vya kutosha."

"Mama, si turudi tu, nikupeleke..."

"Gozbert."

Akatoka. Akaisogeza siti ya mbele, akaingia nyuma kwa shida ili mikungu isimlalie fundi tena, akaweka mmoja mapajani apate pa kukaa, bega kwa bega naye. Mwalimu akarekebisha kioo, akafunga kitambaa chake mafundo mawili, na akakanyaga.